Jinsi ya kukamata ishara kwenye hadithi na mashairi bila kubahatisha: mwongozo kamili

Nimeandika hii manake nimechoka kusahihisha jibu lile lile. Kila muhula vijana wanakuja barazani kwetu hapa Langoni, Lamu, baada ya laasiri, kila mtu na kitabu chake, nawauliza kitu fulani kwenye hadithi kinaashiria nini, na kabla sijamaliza swali mtu ashajibu: bahari ni uhuru, usiku ni matatizo, njiwa ni amani, nyekundu ni damu. Basi. Kama vile kuna kamusi mahali imeandikwa hivyo. Alafu karatasi ya tatu ya Kiswahili ikirudi, ile 102/3 ya fasihi kwenye mtihani wa KCSE, mtu ana maksi mbili kati ya kumi na anasema mtahini ana roho mbaya.

Mtahini wa watu hana kosa. Nyinyi mnaanza na maana kisha ndo mnatafuta kitu cha kuibandika. Hapa tutaanza upande wa pili: kitu chenyewe kwanza, kinafanya nini, kiko mkononi mwa nani, kimebadilika vipi. Maana itakuja baadaye na ikija utakuwa na cha kuishikilia.

Kama wewe si mwanafunzi na unasoma kwa raha zako tu, hatua ni hizo hizo, ruka ile ya saba.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu unachoweza kuandika ndani. Kama ni cha kuazima, piga kopi ile sura unayoifanyia kazi.
- Penseli. Kalamu ya wino hapana, utafuta sana.
- Daftari, ukurasa mmoja umepigwa mistari ya kusimama upate safu nne.
- Kamusi, ya kitabu au ya kwenye simu, yoyote.
- Mtu mmoja mzima wa kuuliza. Nyanya, fundi, mvuvi, mwenye duka. Huyu watu wanamdharau, kumbe ndiye muhimu kuliko kamusi, utaona kwenye hatua ya tatu.
- Muda wa kusoma mara mbili. Kama una muda wa mara moja tu, soma hadithi fupi badala ya riwaya, usijidanganye.

Na haya hapa maandishi ya kufanyia mazoezi. Nimeyatunga mwenyewe ili nisimharibie mtu kitabu. Chukulia ni vipande vitatu kutoka hadithi moja, mwanzo, kati na mwisho.

*(Mwanzo)* Bi Rukia alikuwa na desturi ya kufunga ufunguo wa kasha kwenye ncha ya leso yake. Aliyetaka sukari ya wageni sharti amwite, naye hulifungua fundo taratibu, mpaka mgeni akaanza kuona haya kwa kuomba chai.

*(Kati)* Kila alipoinama kukuna nazi, ufunguo uligonga ubao wa mbuzi. Ko. Ko. Saumu aliujua mlio ule kuliko sauti ya babake, ambaye barua yake ya mwisho ilifika kabla ya kusi la mwaka juzi. Nje maji yalikuwa yameanza kujaa.

*(Mwisho)* Kasha liliondoka Alhamisi, likabebwa na watu wawili hadi kwenye boti ya mnunuzi. Pale lilipokuwa, sakafu ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Jioni Saumu alimwona mamake akijifunga leso, akikaza fundo kwenye ncha. "Mama, kasha si limekwenda?" "Limekwenda." "Sasa ufunguo wa nini?" Bi Rukia akaivuta mbuzi, akakaa. Ko. Ko.

## Hatua ya 1: Soma mpaka mwisho bila kutafuta kitu

Weka penseli chini. Soma kama mtu anayetaka kujua itakuwaje.

Kwa nini: ishara nyingi zinajulikana kwa kurudi, na huwezi kujua kitu kimerudi kama hujafika mwisho. Anayeanza kupiga mistari ukurasa wa kwanza anapigia kila kitu mstari, nishaona kitabu cha mtu kimejaa mistari mpaka yale maneno yasiyo na mstari ndo yanaonekana ya maana.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumsimulia mwenzako hadithi kwa dakika moja bila kufungua kitabu. Kama huwezi, bado hujasoma, rudi.

## Hatua ya 2: Rudi na penseli, zungushia VITU

Nimesema vitu. Si huzuni, si mapenzi, si ufisadi. Hizo ni dhamira, zina siku yake. Tafuta kitu kinachoshikika au kuonekana au kusikika: ufunguo, mlango, mti, jina, rangi, wimbo, kidonda, upepo.

Utajuaje kipi cha kuzungushia? Kile kinachotajwa zaidi ya mara mbili pahali tofauti. Kile kilichopo mwanzoni na kikarudi mwishoni. Kile ambacho mwandishi amekipa maneno mengi kuliko kinavyohitaji, yaani angeweza kusema "alikaa kitini" lakini amekaa akaeleza kiti nusu ukurasa. Kile ambacho mhusika anakigusa bila haja ya kukigusa. Na kilichotajwa kwenye kichwa cha hadithi, hicho usikiache hata iweje.

Kwenye zoezi letu wengi wanazungushia maji kujaa, manake ni bahari, na bahari lazima iwe na maana, si ndiyo? Tazama vizuri. Maji yametajwa mara moja, hakuna aliyeyatazama, hakuna aliyeyagusa, hayakurudi. Hiyo ni mandhari, inakuambia ni saa ngapi na tuko wapi. Ufunguo nao umetokea pote patatu, na una mlio wake kabisa.

Onyo: majina ya wahusika yana uwanja wake, tunaita majazi. Mhusika akiitwa Tamaa na ni mlafi, hiyo haihitaji upelelezi.

Umefaulu ikiwa: hadithi fupi imekupa vitu viwili au vitatu, riwaya vitano au sita hivi. Ukiwa na ishirini, futa.

## Hatua ya 3: Kijue kitu kama kitu

Hapa ndo watu wanaanguka, na hapa nitakaa kidogo.

Kabla hujauliza kitu kinaashiria nini, uliza kinafanya kazi gani duniani. Mimi mwenyewe nilipigwa hapa. Kulikuwa na hadithi ambapo mzee anabaki na punda mmoja baada ya wanawe kuuza kila kitu, na mimi nikawa nawaeleza vijana kwa sauti kubwa kwamba punda ni ishara ya umaskini na ujinga, kama nilivyofundishwa. Mwisho wa baraza alikuwa amekaa mzee mmoja anayebeba mchanga wa ujenzi kwa punda wake, anapumzika. Akasema, "Mwanangu, wewe ushawahi kununua punda?" Nikasema sijawahi. "Basi nenda kaulize bei, kisha uje uniambie huyo bwana ni maskini."

Vijana walicheka mpaka basi. Lakini nilipoisoma tena ile hadithi nikaona, mji wenye vichochoro ambavyo gari haipiti, mchanga na mawe yanapanda mgongoni mwa punda, huyo punda ndo kitu pekee nyumbani kilichokuwa bado kinaingiza pesa. Mzee hakubakiwa na uchochole, alibakiwa na kazi. Hadithi nzima iligeuka.

Mfano mwingine. Kwenye kile kipande cha kati kuna neno "kusi". Msomaji wa bara anapita tu, anaona ni upepo. Muulize mvuvi atakuambia kaskazi inavuma kama Disemba hadi Machi, na zamani ndo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kisha kusi kutoka kama Aprili hadi Septemba ndo ya kuwarudisha, na kusi likichachamaa bahari inakuwa mbaya vyombo vingine vinavutwa juu. Sasa barua iliyofika kabla ya kusi la mwaka juzi, tangu hapo kaskazi ngapi zimepita ambazo zingeweza kumrudisha baba na hazikumrudisha? Mwandishi hakusema baba ametoweka. Upepo umesema.

Na ufunguo wa kasha? Nenda kaulize nyanya yako. Atakuambia kasha ndo lilikuwa benki: dhahabu, hati za nyumba, nguo za harusi, sukari ya wageni. Aliye na ufunguo ndiye mwenye nyumba, hata kama jina la nyumba ni la mumewe. Na kufunga kitu kwenye ncha ya leso maana yake hukitoi mwilini, unakwenda nacho chooni, unalala nacho.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika sentensi tatu juu ya kitu hicho ambazo hazitaji hadithi kabisa.

## Hatua ya 4: Jaza safu nne

Safu ya kwanza: wapi. Ya pili: kiko kwa nani. Ya tatu: kinafanywa nini. Ya nne: tangu mara ya mwisho kimebadilika nini. Ufunguo wetu unatoka hivi:

Mwanzo. Kwa Bi Rukia. Unafungua kasha, watu wanamwomba. (Hakuna cha kulinganisha bado.)

Kati. Bado kwake. Haufungui kitu, unagonga tu. Sasa anayeusikia ni mtoto, na unalinganishwa na sauti ya baba.

Mwisho. Bado kwake. Kasha halipo, hauna cha kufungua tena. Anaufunga vile vile, fundo analikaza.

Kwa nini safu ya nne: hiyo ndo ina pesa. Ishara inayofaa hutembea. Ukiona safu ya nne inasema "hakuna" kila mahali, ama kitu chako si ishara ama mwandishi anasisitiza kwamba hakuna kinachobadilika maishani mwa mtu huyo, na hilo la pili inabidi ulithibitishe.

Onyo: kwenye safu ya tatu andika vitendo. Usiandike "unaonyesha mamlaka". Hapo ushaanza kuruka.

## Hatua ya 5: Sasa ndo maana, na uipige mtihani

Andika maana mbili au tatu zinazowezekana. Moja peke yake ni hatari, utaipenda sana. Kwa ufunguo vijana wangu walitoa hizi: (a) mamlaka ya mama nyumbani, (b) ulafi, hataki kutoa sukari, (c) kumngojea mume.

Kisha piga mitihani mitatu.

Utoe. Hadithi ikiendelea bila ufunguo, nini kinakufa? Mwisho wote unakufa. Sawa, ufunguo una uzito.

Ubadilishe. Weka kitana badala ya ufunguo. Kitana nacho chaweza kugonga mbuzi, ko ko. Lakini kitana hakihitaji kitu kingine ili kiwe na kazi, ufunguo unahitaji kasha. Kwa hiyo maana yako lazima iguse hili la kitu kilichopoteza mwenzake. Huu mtihani naupenda kuliko yote.

Upeleke mahali pote. Maana (b), ulafi, inafanya kazi mwanzoni, lakini peleka mwishoni: mlafi wa sukari anafunga ufunguo wa kasha lisilokuwepo kwa nini? Imeanguka. Maana (a), mamlaka, inashika mwanzo, na mwisho inakuwa mamlaka yaliyobaki fundo tu. Maana (c) inaingia kati kwa sababu ya sauti ya baba, na mwisho inashika vizuri zaidi: ufunguo usio na kasha na mke asiye na habari za mume, wote wanaendelea kama kawaida, na mtoto akiuliza anajibiwa na mbuzi ya nazi.

Je uchague moja? Hapana. (a) na (c) zinaweza kukaa pamoja, sema tu ipi inaanza na ipi inachukua nafasi baadaye.

Umefaulu ikiwa: umeitupa angalau maana moja. Asiyetupa hata moja hajapima, amekusanya.

## Hatua ya 6: Uliza ni macho ya nani

Kitu kimoja watu wawili. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China kwa mfalme wao Yongle. Huku kwetu twiga ni mnyama mrefu. Kule wakubwa walimchukua kuwa qilin, mnyama wa baraka anayesemekana kutokea mfalme mwema akitawala. Twiga hakubadilika njiani.

Kwenye kitabu ni hivyo hivyo. Nyeupe kwa mtu anayetoka sala ya Idi na kanzu yake ni jambo moja, kwa mtu aliyetoka kushona sanda ni jambo jingine, kwa hiyo usiniambie "nyeupe ni usafi" kabla hujaniambia nani anaitazama. Kwa Bi Rukia ufunguo ni kitu kimoja, kwa Saumu ni mlio uliochukua nafasi ya baba. Ukiweza kutenganisha macho ya mhusika na macho yako wewe msomaji, ushapita nusu ya darasa.

Kwa mashairi hapa ndo pa kukaza, maana shairi halina kurasa mia za kurudia kitu. Angalia kibwagizo, beti la kwanza na la mwisho, na kitu kinachohama kutoka hali moja hadi nyingine. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya miaka kama 200 iliyopita, inaonyesha majumba ya wakubwa wa Pate, kisiwa jirani yetu, yaliyohamwa, na zile zidaka zilizopangwa sahani za thamani sasa ndege wamelaza makinda. Mtu asiyejua kidaka anasoma "shimo la ukutani" anapita. Ingia nyumba yoyote ya mawe ya zamani hapa Lamu uone zidaka zilivyopangwa safu juu ya safu, kazi yake ni kuonyesha mgeni kwamba wenyewe wanajiweza. Pahali pa kujionyesha pakawa kiota. Hiyo ni safu ya nne ya daftari lako, imejijaza yenyewe.

## Hatua ya 7: Iandike ipate maksi

Kwanza majina, haraka, manake yanawachanganya. Ukisema "Bi Rukia ni ufunguo wa nyumba hii", hiyo ni sitiari, hakuna ufunguo wa kweli hapo. Ufunguo ukiwepo kweli ndani ya hadithi, mtu anaweza kuushika, na bado una maana zaidi ya chuma, hiyo ni taashira, wengine wanasema ishara tu. Jazanda ni picha inayosimamia kitu kingine na mara nyingi inaendelezwa. Walimu hawakubaliani sana kwenye mipaka, tumia jina analotumia wako, usipigane naye mwezi wa mtihani.

Jibu dhaifu ni hili: "Ufunguo ni ishara ya mamlaka." Halina mahali, halina kitendo, laweza kuwa la kitabu chochote.

Jibu lenye nguvu: "Mwanzoni ufunguo unampa Bi Rukia mamlaka kwani wanaotaka sukari lazima wamwite. Kasha linapouzwa anaendelea kuufunga kwenye leso ijapokuwa hauna cha kufungua, hivyo unaashiria kung'ang'ania kwake maisha yaliyokwisha, ikiwemo ndoa ambayo habari zake zimekatika tangu barua ya mwisho."

Hesabu: kitu, mahali, kitendo, badiliko, maana. Ukikosa moja rudi ujaze. Na ukiandika "huenda" usione haya, lakini kila "huenda" iwe na ushahidi nyuma yake.

## Ukikwama

*Sikuona ishara yoyote.* Huenda hamna. Kuna hadithi inayokwenda kwa mazungumzo na vituko tu na ni nzuri vile vile. Usitengeneze.

*Kila kitu naona ishara.* Rudi hatua ya pili, na ule mtihani wa kutoa uufanye kwa ukali.

*Mwandishi mwenyewe alisema hakukusudia.* Maandishi yako mbele yako. Kama yanashika, yanashika.

Hilo la mwisho lilinikuta mimi. Nilipowapa vijana zoezi hili la Bi Rukia, msichana mmoja wa kidato cha tatu hakushughulika na ufunguo. Alizungushia ile sakafu nyeupe kasha lilipokuwa. Nikamwambia imetokea mara moja, sheria ya hatua ya pili inaikataa, nikampa nusu. Akasema, "Mwalimu, haikutokea mara moja. Hilo ni kasha tena, mara hii halipo. Na hapo peupe ndo pahali pekee nyumbani ambapo mama hakuwahi kupafagia miaka yote hiyo." Sakafu ile niliiandika mimi, na niliiweka ili tu chumba kionekane. Nikachukua penseli nikafuta nusu, nikaandika nzima.